Karani wa Parokia na Jiwe la Kusagia

Ilikuwa mwaka 1958. Hapana, nimekosea, ilikuwa 1959, maana kanisa letu kule upande wa Misungwi lilikuwa limeshaezekwa bati. Karani wa parokia alikuwa akiandika habari za mashamba ya zamani. Kila jioni alipita kwenye ua wa minyaa uliozunguka makaburi yetu, akigusa mti mmoja mmoja kwa kiganja na kumtaja aliyeupanda. Siku moja akaja mpimaji wa ardhi na vigingi, akasema makaburi yetu yamo ndani ya shamba la mzungu.

“Hati yenu iko wapi, mzee?”

Karani hakukasirika. Alifukua udongo kwa vidole mpaka likatokea jiwe la kusagia, limebonyea katikati.

“Hapa wamesaga mabibi watatu, mmoja baada ya mwingine. Huyo bwana wako, kijana wangu, amesaga nini?”

Tukaangua kicheko. Mpimaji alilishika lile jiwe, kisha akang'oa vigingi mwenyewe. Mpaka leo tunazikana pale. Lakini karani alikuwa Mkerewe, kwetu hakuwa na kaburi hata moja. Nimewauliza wengi, sijajibiwa: wafu wa watu wengine aliwapendea nini?