Waya wa Kijani

Nilijifunza kutengeneza nyaya za umeme za redio kwa kutazama video, nikiwa nimekaa sakafuni kule Linden, Columbus, katika nyumba ya kupanga yenye hita za chuma kuukuu kuliko mimi. Mchana nilikuwa nafungasha maboksi ghalani. Jioni nilikuwa fundi. Nilinunua waya mnene, plagi zinazong'aa, na soksi ya nailoni nyeusi ya kuuvisha waya upendeze. Mgeni akija nilimkalisha mbele ya spika na kumuuliza kama hasikii tofauti. Wote waliisikia. Nani angekataa, na chai yangu anayo mkononi?

Tatizo lilikuwa mngurumo. Amplifaya yangu, mashine ya kukuza sauti niliyoiokota kwenye duka la mitumba, ilinguruma kama friji bovu. Mwenzangu mmoja kazini aliniambia nisiufunge waya wa kijani, ule unaopeleka umeme ardhini ukivuja, na mngurumo utakwisha. Kazi ya waya ule niliijua. Kila video ilionya. Nikajiambia kwetu Uvira soketi zilikuwa na matundu mawili tu na hatukufa. Niliukata, nikafunga plagi, kukawa kimya. Nikafurahi kama mjinga, na siku hiyohiyo nikatengeneza waya wa pili, wa kumpa dada yangu mkubwa aliyekuwa anakuja kutoka Louisville.

Yaya, ndivyo ninavyomwita dada yangu huyo, alikuja na jambo moyoni. Mwanamume mmoja wa Buffalo aliyefiwa na mke alikuwa amemposa, naye alikuwa anamwomba Mungu ishara. Jumapili mchana watu wa maombi walijaa sebuleni kwangu. Yaya alivua viatu, akashika mikrofoni niliyoiunga kwenye amplifaya aimbe, na wimbo ulipokolea akaegemea hita kwa mkono wa pili. Alipiga kelele akaanguka. Watu wakapaza sauti kumsifu Mungu. Alipoinuka alikuwa analia na kucheka, akasema moto umepita toka mkono huu hadi huu, na sasa amejibiwa. Wakati huo mimi nilikuwa nimekwisha kuchomoa plagi. Nikasema amina pamoja na wengine.

Kesho yake niliichomeka tena amplifaya, nikagusisha kipima umeme kwenye bati lake, na taa ya kipima ikawaka: umeme ulikuwa unavuja. Niliitupa amplifaya, nikawaambia watu imeungua. Lakini ule waya wa pili ulikuwa umeshaondoka ndani ya sanduku la Yaya.

Alinipigia kutoka Louisville kunieleza jinsi kanisa zima lilivyosimama aliposhuhudia. Nilitakiwa kumwambia, “Usiuchomeke ule waya.” Maneno matatu tu. Ila angeuliza kwa nini, na ningelazimika kumwambia yote. Aliolewa, akahamia Buffalo, akaanzisha maombi nyumbani kwake na amplifaya ya mitumba kama yangu, na kila alipopiga simu alisema sauti inatoka safi. Hivyo kwa miezi minne. Mwanzoni niliona aibu kusema. Baadaye niliona aibu kwamba sijasema, na hiyo ya pili ndiyo iliyonifunga mdomo kabisa.

Hata nilipokwenda, sikwenda kuungama. Nilibeba waya mpya, uliofungwa sawasawa, nikaendesha gari hadi Buffalo nikijiita ndugu mwema. Shemeji alikuwa kiwandani Tonawanda. Yaya alikuwa jikoni anapika sombe, kisamvu cha kwetu, nami nikapiga magoti nyuma ya amplifaya kama mwizi. Nilikuwa nimeshaushika waya wangu wa zamani niliposikia sauti yake mlangoni.

“Petit, mdogo wangu, unatafuta nini kule nyuma?”

“Nakuletea waya mupya, Yaya. Hii iko muzuri kupita ile.”

“Ile, bwana yangu alishaifungua juma ya kwanza. Bon, akanionyesha ile fil ya kijani yenye ulikata, akaifunga.”

Niliuachia ule waya.

“Kila mara nilikupigia nikasema sauti iko muzuri,” alisema, “nilikuwa nangoja tu useme.”

Nilijaribu kutaja ushuhuda wake, kwamba sikutaka kumvunja moyo. Alinikatiza kwa mwiko uliokuwa mkononi.

“Mambo yangu na Mungu, utuachie. Donc, miye ningekufa na ile courant ya umeme, weye ungelia ku maziko yangu, ukanyamaza?”

Hapana ingekuwa uongo. Najijua. Ningelia kuliko wote, ningebeba jeneza, na ningenyamaza.