Kaske Nyeusi na Masikio ya Watu

Nilipoanza kuuza katika duka la vyombo vya sauti hapa Uvira, upande wa Mulongwe, nilikuwa msichana aliyemaliza shule mwaka uliotangulia na sikujua kazi yoyote isipokuwa kuimba. Nilikuwa sauti ya pili katika korali ya parokia. Watu wakiteleza kwenye sauti, mwalimu alinisimamisha mbele niwaonyeshe mahali sauti inapopita. Nadhani ndiyo sababu tajiri wa duka alinichukua. Alitaka mtu mwenye masikio.

Tajiri alikuwa mzee Mwislamu wa zile koo ambazo babu zao walivuka ziwa na biashara zao, wakabaki. Nilimwita Baba, naye aliniita mwanangu, kwa Kiswahili kilichonyooka kuliko chetu. Alinipa amri moja tu: mteja akiuliza ipi nzuri, mpe zote ajaribu, usimchagulie.

Amri hiyo ilinisumbua zaidi kwenye kaske, zile spika ndogo za kuvaa kichwani, za kufunika masikio yote mawili. Tulikuwa nazo za aina tatu. Nyekundu ilikuwa na besi nzito na taa pembeni, vijana waliipenda. Ya buluu ilikuwa nyepesi, ya bei ya chini, sauti yake kali kama mtu anagonga bati. Na ya tatu ilikuwa nyeusi, haina mapambo. Siku ya kwanza nilipoivaa nilisikiliza wimbo wa korali tuliourekodi wenyewe, nikasikia mpaka yule mama wa nyuma anayevuta pumzi kabla ya kuanza. Nilikuwa nimeimba naye miaka mitatu bila kujua anavuta pumzi hivyo. Nikajinunulia moja.

Tangu hapo, kila mtu alipotoka na ile nyekundu niliumia, kana kwamba nimemwona akinunua samaki aliyeoza.

"Baba, kwa nini tusiwaambie?" nilimuuliza.

"Mwanangu, ukiwaambia hii ni nzuri, hizo nyingine umezitukana. Nani atazinunua?"

Niliona hilo ni jibu la mfanyabiashara.

Basi mzee akaenda Kigoma kwenye arusi ya mjukuu wake, akaniachia duka kwa wiki mbili. Siku ya pili nilikata kipande cha katoni, nikaandika kwa kalamu kubwa: HII NDIYO INASHINDA ZOTE. MIMI MWENYEWE NAISIKILIZAKA. Nikakitundika juu ya ile nyeusi.

Watu walikuja. Walimu walikuja, muuguzi alikuja, mchungaji mmoja alikuja na mke wake. Walisoma katoni, wakaniangalia, wakanunua, na baadhi hawakujaribu hata kidogo. Nilijisikia kama nimefanya jambo la haki. Nilitembea wima wiki nzima.

Katika siku hizo aliingia mkulima wa mpunga kutoka Sange, mtu mzima, kofia mkononi. Alinieleza kwamba alifanya kazi miaka mingi kwenye mashine ya kukoboa mpunga, na mashine imemla masikio. Binti yake yuko Lubumbashi, anamtumia maneno ya sauti kwa simu.

"Minye sitake muziki," alisema. "Nataka kusikia muntu anasema."

Nilimvika ile nyeusi, nikamwekea sauti ya binti yake. Alisikiliza kichwa kimeinama. Uso wake haukubadilika. Kisha akanyoosha kidole kwenye katoni.

"Ni weye uliandika?"

"Ni mimi, papa."

"Kama weye mwenyewe unasema ni muzuri, basi ni muzuri."

Akaondoka nayo. Sikumpa nyingine ajaribu. Nilisahau kabisa kwamba kulikuwa na nyingine.

Baada ya siku nane alirudi, ameifunga vizuri katika mfuko wake. Nilidhani anakuja kugomba. Hapana, alikuja kuniomba radhi.

"Mama, usikasirike," aliniambia, mimi ambaye ningeweza kuwa mtoto wake wa mwisho. "Kaske yako iko muzuri. Ni masikio yangu ndiyo imekufa kabisa. Kama hata ile ya kushinda zote siisikie, basi imeisha. Umupe muntu mwenye atasikia."

Mtu huyu alikuwa amekaa nyumbani siku nane akiamini kwamba hatasikia tena sauti ya mwanawe, kwa sababu mimi niliandika kwenye katoni.

Nilinyoosha mkono bila kufikiri, nikachukua ile ya buluu, ile ya bati, nikamvika. Niliona aibu hata kumpa kitu kibaya hivyo. Nikaweka sauti ya binti. Mzee alishtuka, akashika kaske kwa mikono miwili, akaibana kichwani.

"Eee!" alisema kwa nguvu, kama wanavyosema wasiojisikia. "Anasema mutoto ameota meno! Mutoto wake ameota meno!"

Alisikiliza tena na tena, huku akijibu kana kwamba binti yuko pale kwenye meza. Nilimbadilishia kaske, nikamrudishia tofauti ya bei. Alipotoka niliteremsha katoni, nikaichana. Nilifurahi kwa ajili yake. Lakini nilikuwa nimechanganyikiwa: kile nilichosikia mimi kilikuwa nini, ikiwa kitu kibovu kwangu ndicho kilichomfungulia yeye masikio?

Tajiri aliporudi nilimweleza yote. Nilingoja hasira. Yeye aliketi, akavua viatu, akacheka kidogo.

"Hata mimi nyumbani nasikiliza hiyo nyeusi," alisema.

"Kumbe Baba unajua ni nzuri!"

"Najua naipenda. Lakini na mimi ninao mzigo wa kuuza, mwanangu. Usinifanye mtakatifu."

Sikujua nishike neno lipi, la kupenda au la mzigo.

Nikarudi kwenye amri yake. Nilimpa kila mtu zote tatu na kunyamaza. Nilidhani sasa nimepona. Ndipo akaja rafiki yangu wa korali, anayesimama ubavuni mwangu kila Jumapili. Alijaribu zote, akasitasita, akaniuliza ipi achukue. Nilimkumbuka mkulima wa Sange. Nikamwambia, "Sikiliza tu, dada, masikio ni yako." Akachukua nyekundu, nadhani kwa sababu ya taa.

Mwezi haukuisha. Kwenye mazoezi alinikuta nje ya kanisa nimevaa ile yangu nyeusi, nasikiliza wimbo mpya. Akaomba ajaribu. Alisikiliza ubeti mmoja, akaivua polepole.

"Ile yangu inaniumizaka kichwa," alisema. "Weye ulijua hii iko muzuri?"

"Nilijua naipenda."

"Ukaniangalia naikamata ile ingine, ukanyamaza? Minye, rafiki yako?"

Nilianza kumsimulia habari ya mkulima, mashine ya mpunga, mtoto aliyeota meno. Nilipokuwa nasema nilisikia mwenyewe jinsi maneno yalivyofanana na ya mtu anayejitetea. Yeye si mzee aliyeharibika masikio. Masikio yake nayafahamu kama yangu, tumeimba pamoja. Kwake ningeweza kusema. Lakini kwa nani tena, na ningemtambua vipi akiwa amesimama mbele ya meza?

"Ungesema tu neno moja," aliniambia. "Kama ningekatala, ningekatala mwenyewe."

Alinunua kaske nyingine kwa duka moja la mtaa wa Kimanga, ambako muuzaji, alivyoniambia baadaye, alimwambia waziwazi ipi achukue. Ameipenda. Sikumuuliza ni ya rangi gani.

Bado nauza. Sasa namuuliza mteja kwanza anataka kusikia nini, na hilo linasaidia, si kila mara. Wengine wananikazia macho na kusema, "Lakini weye, ungekamata gani?" Kuna siku nasema, kuna siku nasema kwamba sijui, na jioni nikifunga mlango siwezi kukuambia ni siku zipi nilitenda vema. Rafiki yangu bado anasimama ubavuni mwangu Jumapili. Akiteleza kwenye sauti namgusa kiwiko, naye anarudi mahali pake.