Siku Tuliyomfukiza Gaju

Watu wakinusa kicheche barabarani hufunga vioo vya gari. Mimi hushusha changu kidogo, na mke wangu huniona sina akili. Harufu ile hunirudisha Cheektowaga, kitongoji cha Buffalo, Marekani, kwa Koko.

Koko alikuwa mama yake Baba. Kule milimani, Kivu Kusini, alikuwa na ng'ombe. Huku Buffalo alikuwa na mbwa wetu wa kahawia, akamwita Gaju, jina la ng'ombe wake mmoja aliyemwacha. Kutwa alimsimulia mbwa huyo habari za milimani. Sisi watoto tulikuwa na katuni.

Jumamosi moja asubuhi Gaju alimchokoza kicheche nyuma ya banda la jirani, akanyunyiziwa uvundo wake, akarudi analia, ananuka mpira wa kuungua na vitunguu saumu vilivyooza. Baba alikuwa ndiyo kwanza ametoka kazini ghalani. Alisimama mlangoni, ameziba pua.

"Bon, Mama. Kama mangaribi bado ananuka, namupeleka kwa batu benye banachungaka mbwa." Alimaanisha makao ya mbwa wasio na wenyewe.

Kwa kina Koko vibuyu vya maziwa husafishwa kwa moshi, basi akawasha majani makavu ndani ya ndoo ya bati, akamsogeza Gaju karibu. "Harufu inatokaka na moshi," aliniambia, hana shaka hata kidogo. Baada ya nusu saa tulikuwa na mbwa anayenuka kicheche cha kuchoma, na Koko naye vilevile.

Nilicheka hadi nikakaa chini. Kisha nikaona Koko anafuta machozi, na moshi ulikuwa umeshaisha.

Nikakimbia kwa jirani, bibi mmoja wa Kimarekani. Alitupa dawa ya kusafishia vidonda, magadi ya kuokea na sabuni ya vyombo, akanionyesha namna ya kuchanganya. Tulimpaka Gaju, tukikwepa macho, tukangoja, tukamsuuza. Mara tatu. Koko alimwimbia wimbo wa kukamulia, taratibu, na mbwa akatulia.

Jioni Baba aliinama akamnusa Gaju shingoni, kisha akamnusa mama yake.

"Gaju anabaki," alisema. "Mama, sasa ni weye utaenda kuoga."

Zamani nilidhani Koko alimpenda mbwa kuliko sisi, na niliona wivu. Leo nawasemesha wanangu kwa Kiswahili, nao wananijibu kwa Kiingereza bila kuinua macho. Ndivyo tulivyomfanyia Koko: alipoanza habari za milimani tulisema "okay", tukaondoka. Gaju alikaa chini akasikiliza hadi mwisho.