Siku Niliyogeuza Antena Chini

Antena yetu ilikuwa sanduku la mabati lenye mdomo mpana, kazi ya fundi wa majiko wa mtaa wa Soweto, na ilikaa juu ya paa la karakana ya chuo, Mbeya, ikitazama juu. Waya wake ulishuka hadi mezani, kwenye spektromita: bodi yenye chipu isiyofanya lolote mpaka uipangie saketi zake kwa kompyuta, ndipo ichambue mawimbi ya redio kutoka angani. Saketi hizo nilizipanga mimi, karibu mwaka mzima.

Wiki moja kabla ya siku hiyo, nundu ilijitokeza kwenye mchoro wa skrini, pale hasa gesi ya haidrojeni ya angani inapotakiwa kuonekana. Nililia kama mtoto, nikampigia mama yangu. Mwalimu wangu, mama wa Iringa mjini aliyekaribia kustaafu, alinishika bega tu. Mkuu wa idara naye akaalika wageni kutoka Iringa. Hao ndio wangeamua mradi uendelee au ufungwe.

Asubuhi ya ugeni nilipanda paani. Kuna jaribio nililikwepa siku zote hizo kwa woga mtupu: kugeuza antena itazame ardhi. Nundu ikipotea, ni ya angani kweli. Ikibaki, inatoka kwenye bodi yetu wenyewe.

Niligeuza, nikashuka. Nundu ilikuwa palepale, imetulia.

Wageni niliwaogopa, lakini mwalimu nilimwogopa zaidi. Ningemwambiaje mtu mzima yule kwamba nimemwaibisha mwishoni mwa kazi yake?

Akaingia, mtandio umelowa manyunyu.

"Shikamoo, Mwalimu."

"Marahaba. Mbona hujanywa chai?"

"Mwalimu, nimegeuza antena chini." "Nundu haijapotea."

Hakushtuka. Alivuta kiti, akakaa.

"Mimi niligeuza Jumatatu," alisema. "Nikaogopa kukwambia, mwanangu. Ulikuwa umeshampigia mama yako."

Simu yake ikaita mezani.

"Ni wageni," alisema. "Watakuwa njiani, wameshafika Igawa."

Hakuigusa. Alivificha mapajani vidole vile vilivyonifundisha kushika waya, na hofu ikanizidi kuliko asubuhi yote. Simu ilikatika, ikaita tena.

Nikaipokea mimi, niwaambie kwamba nundu ni ya bodi yetu.