Mtama wa Kwale

Mama yangu alilima mtama kwa ajili ya ndege, na mpaka leo nikilisema hilo mbele ya watu wa shamba wananitazama kama nimewatukana. Mtu hulima, ndege wakamjia bila ya kualikwa, akashinda anawafukuza mpaka sauti inamkauka. Mama aliwaalika. Ilikuwa katika miaka ya hamsini, nyuma ya nyumba yetu, ukishaipita Bububu kidogo, mahali ambapo mikarafuu yetu ilikufa kwa ule ugonjwa wa kukauka ghafla, ikaacha uwanja mtupu wenye visiki.

Sababu yake ilikuwa Baba. Baba alikuwa mtegaji wa kwale, na sijaona wa kumfikia. Alikuwa akijificha kichakani, anaweka kiganja mdomoni, anamwita kwale kwa sauti ya kwale mwenyewe, ile ya kukwaruza kama mlango wenye bawaba kavu. Kwale dume alikuja mbio akitaka ugomvi, akaingia kitanzini. Baba hakubanduka pale, kisu mkononi, maana ndege akifa kabla ya kuchinjwa ni mzoga, haliwi. Nyumba yetu ilikula kwale, majirani walikula kwale, na nilipoolewa mjini, Kikwajuni, nililetewa kwale mpaka mume wangu akaanza kuulizia samaki.

Kisha Baba akapatwa na kiharusi. Upande mmoja ukalala, mdomo ukaenda kando, na maneno yakamwisha. Daktari alisema ulimi haukufa, akijaribu atasema. Baba hakujaribu. Nadhani aliona haya, mtu aliyekuwa akiwadanganya ndege kwa mdomo wake, sasa hata mate yanamponyoka.

Kila asubuhi Mama alisimama mlangoni na kikombe cha chai, akamwita, "Bwana," kama alivyomwita tangu siku za harusi yao, akangoja. Zamani jibu lilikuwa "Naam" moja nzito iliyosikika mpaka kisimani. Sasa Baba aligeuza uso ukutani. Mama aliweka chai, akaenda zake jikoni, na kesho yake akaita tena. Mimi ningekwishachoka. Nilimwambia hivyo, akaniuliza kama mume wangu anajua kuwa amemwoa mtu wa kuchoka.

Asubuhi moja kwale alilia mbali sana, huko bondeni, na Mama akamwona Baba anatoa uso ukutani na kusikiliza mpaka sauti ikapotea. Kwale walikuwa wamehama tangu mikarafuu ilipokufa na vichaka kukatwa kuni. Siku ile ile Mama aliamua kuwarudisha.

Hakuwahi kutega hata panya, lakini alikuwa ameishi na mtegaji, akila maneno yake pamoja na wali. Alijua kuwa kwale hapandi kwenye suke. Huparura chini na kuokota kilichoanguka. Kwa hiyo aliwataka kwanza ndege wa juu, chiriku na mnana na tetere, ambao humwaga zaidi ya wanachomeza. Alijua pia kuwa kwale huogopa uwanja mweupe kuliko anavyomwogopa mtu. Akapanda mtama, na kunde katikati ya mistari, na upande wa kuelekea bondeni akayaacha magugu yaote yatakavyo mpaka yakashikana na kichaka. Nilipokwenda kuwatazama kwa gari la shamba nilimkuta ameinama katika mvua ya masika, nguo zimemganda mwilini, anafukia mbegu za ndege kwa uangalifu ambao hakuwahi kuupa mtama wetu wa kula. Nilimwambia amepata wazimu. Moyoni nilikuwa nimejaa fahari hata nikashindwa kusema jingine.

Majirani hakuwaambia. Alichelea kuambiwa anafanya israfu, kuwamwagia ndege riziki ya watu. Wakimuuliza alisema, "Nnapanda mtama," akaendelea kufukia.

Masuke yalipoanza kukomaa, Baba akashikwa na homa, tukamleta kwangu Kikwajuni awe karibu na hospitali. Walikaa mpaka mwezi ukaandama. Mama alikuwa kwangu kwa mwili tu. Akipepeta mchele alisema saa hizi chiriku washaingia. Akikunja nguo alisema tetere nao hawako mbali. Homa ilipokwisha nikawasindikiza kurudi, na yeye ndiye aliyeshuka garini wa kwanza, karibu amsahau mgonjwa.

Shamba lilikuwa safi kama ukumbi. Magugu ya ukingoni yalikuwa yamelimwa yote. Katikati lilisimama dungu, kile kitanda cha juu anachokaa mwenye kuamia ndege, yaani kuwafukuza wasile mazao, na juu yake limetundikwa pande la chuma la ile reli ya zamani ya Bububu, la kugonga. Mabua yalikuwa wima, lakini hayana vichwa. Masuke yote yalikuwa yamekatwa, yamepangwa ndani ya makapu upenuni kwetu, yamefunikwa majamvi yasipate umande.

Jirani yetu, mwanamke wa nyumba ya pili, alitoka kutupokea, uso umemkunjuka kwa furaha. Walimwonea huruma Mama, mgonjwa mkononi na shamba limeingiliwa na ndege, basi wakagawana zamu, yeye na wanawe na wengine, wakaamia kwa teo na mawe tangu jua likichomoza, kisha wakavuna.

"Hata punje moja hawakuonja," alisema.

Mama aliweka mkono juu ya kapu. "Mungu akulipeni kheri," akasema, na akamkaribisha chai.

Alipoondoka tu jirani, mimi nilikuwa nimeshafunga kibwebwe. Nilitaka kumfuata nikamwambie aliyoyafanya. Mama alinishika mkono.

"Watu wameshinda juani kwa ajili yako, utawagombeza kwa lipi? Kaa kitako."

Nikakaa, nikalia kwa hasira. Yeye hakulia. Asubuhi ya pili nilimkuta shambani na kapu moja na mafungu ya chane, zile nyuzi za ukindu anazosukia mikeka. Alikuwa anainua suke, analiweka juu ya bua lililokatwa, anazungusha ukindu, anafunga fundo. Kisha bua la pili. Nilimwuliza kama anakusudia kuyafunga yote. Akanijibu kuwa nikisimama hivyo hayatapungua.

Jirani alipopita na ndoo yake ya maji alisimama, akatutazama kwa muda, akaitua ndoo. Safari hii Mama alimwambia yote: kwale, Baba, uso ukutani. Jirani alishika kiuno.

"Na sie tukajiona tumefanya la maana. Ungesema tangu mwanzo, shoga yangu." Akakaa chini, akavuta chane.

Kufika adhuhuri walikuwepo wale wale walioamia, kila mmoja na fundo lake. Wanawe jirani walilishusha dungu, na miti yake na matawi wakayalundika ukingoni badala ya magugu, ili kwale apate pa kujificha. Shamba la masuke ya kufungwa mafundo halikuwa na uzuri wowote wa kutazamwa, na mimi sijaona zuri kuliko lile.

Ndege waliokwisha kupigwa mawe hawakurudi upesi. Mama alikuwa akimtoa Baba kila asubuhi, anamlaza upenuni akitazama shamba, na Baba alitazama yale mafundo bila ya kuonyesha lolote. Chiriku walitangulia, wakafuata mnana, kisha tetere wawili wawili. Paa alikuja kula majani ya kunde, akaachwa. Punje zilianza kumwagika chini. Jirani sasa alikuwa akiwafukuza watoto kwa ukali uleule aliowafukuzia ndege.

Kwale alilia asubuhi moja nilipokwenda tena kuwatazama, nikiwa nakoroga uji. Hakuwa bondeni, alikuwa palepale, ndani ya lundo la matawi. Nilitoka na mwiko mkononi. Baba alikuwa ameinua kichwa. Mkono wake mzima ulikuwa ukipanda taratibu, ukafika mdomoni, kiganja kikakaa pembeni kama zamani. Sauti iliyotoka ilikuwa mbovu, nusu yake upepo. Ningekuwa kwale ningecheka. Kwale alinyamaza, kisha akamjibu.

Mama alikuwa mlangoni na kikombe chake. Machozi yalikuwa yakimtoka, na alikuwa amekasirika kwelikweli.

"Miaka yote hii mke wake mimi, namwita haniitikii. Kwale kamwita mara moja tu." Akajifuta uso kwa bega. "Bwana."

Baba aligeuza uso upande wetu. Midomo ilihangaika kabla ya kukubali.

"Naam," alisema, imepinda, haikufika hata jikoni.

Mama aliiweka chai chini, akakaa palepale kizingitini, akamwita tena.