Picha Iliyobaki Nyuma

Jirani yangu Bi Kijakazi, msuka mikeka wa hapa kijijini Bweni, haogopi kitu. Nyoka humpiga kwa mwiko, kisha hurudi kusuka ukili wake. Lakini kifua cha mjukuu wake Shamsa humtoa roho. Mtoto ana pumu, na bibi ndiye aliyemlea, akilala kaweka sikio mgongoni mwake.

Basi Shamsa akachaguliwa kwenda Dar es Salaam, mashindano ya kuhifadhi Kurani, yatakayorushwa moja kwa moja mtandaoni. Alikwenda na mama yake, Warda. Bibi alibaki na sisi na simu yangu.

Nasi hatuendi kwenye shughuli ya mtu mikono mitupu. Kila jirani alinunua bando, akaja barazani na simu yake, akafungua video ileile. Tuliamini tukivuta wengi itakuja upesi, kama tuvutavyo juya la samaki. Wallahi, kupendana kwetu nako kuna ujinga wake.

Shamsa akapanda jukwaani, akaanza kusoma. Mara picha ikaganda. Mdomo wazi, mkono kifuani.

"Kabanwa!" Bi Kijakazi akasema. Ukili ukamdondoka.

"Ni picha tu, Bi," nikamwambia. Ikasogea kidogo, ikaganda tena. Kila mtu akazidi kubonyeza simu yake.

Mwalimu Benedicta wa shule yetu, mtu wa bara, akapita akatuona. "Mama zangu, video inataka kama mega tatu kila sekunde ndipo iende bila kukwama. Mnara ni mmoja, mmeugombania nyote. Zimeni, ibaki moja, tena tuishushe picha iwe hafifu."

Tulizima shingo upande, kila mmoja akihisi anamwacha mtoto peke yake. Mwalimu akabonyeza yangu. Uso wa Shamsa ukawa ukungu, lakini sauti ikaja. Bi Kijakazi akabandika sikio kwenye kioo.

"Kifua kinapiga filimbi. Mpeni dawa yake, jamani!"

Sisi hatukusikia filimbi yoyote. Tukamwamini, na hofu ikatuingia sote.

Hapo simu yake ndogo ikaita. Warda. Mama gani hupiga simu mwanawe yuko jukwaani? Bi Kijakazi akaitazama, asiiguse.

"Bi," Mwalimu akasema taratibu, "kila ilipoganda tulibaki nyuma. Haya tunayoyaona yameshapita."

Alidhani anamtuliza. Yameshapita! Bibi alisikia kwamba baya limeshamfika mtoto. Nikaipokea mimi, nikamwekea sikioni.

Kwenye kioo Shamsa alikatiza katikati ya aya, akakohoa, akainama. Bi Kijakazi akapiga yowe.

"Bibi, shikamoo," sauti ikasema simuni. "Mbona unalia? Nilikohoa kidogo tu, nimeshamaliza."

Bi Kijakazi akairuka marahaba. Aliishika simu kwa mikono miwili.

"Hema kwanza," akasema. "Hema, nikusikie."