Ganze Haina Mlinzi

Kahonzi ni fundi cherehani hapa Gede, na hasira zake zinajulikana stendi nzima. Mimi nauza maandazi mlangoni pake. Akisubiri pasi ya makaa ipate moto, hucheza vita kwenye simu: yeye husogeza majeshi yake, kisha kompyuta husogeza yake. Miji yake ameipa majina ya huku kwetu.

"Hii kompyuta haijui vita kabisa," huniambia. "Inapewa askari mara mbili ya wangu, lakini ikiona mji usio na mlinzi, inawapeleka wote huko huko. Haijifunzi!"

Basi kila mara huiacha Ganze tupu. Adui akishaingia, humzunguka na kummaliza.

Siku ya Jumanne, mteja wake Mangi alikuja kuchukua suruali yake, akachungulia simu. "Mbona Ganze haina hata askari mmoja?"

"Ni chambo tu, kaka. Ganze kuna nini cha kulinda?"

Mangi alikuwa ametoka kwao Ganze asubuhi hiyo hiyo. Alimtazama tu, mpaka Kahonzi akaona haya, akalitoa jeshi lote la Gede na kulipeleka Ganze. Akabonyeza kumaliza zamu.

Tukainamia simu sote watatu. Askari wekundu wa kompyuta walisimama mpakani kama wanaofikiri. Halafu wakageuka kwa pamoja, wakaingia Gede. Moto ukawaka.

Kahonzi aliitupa simu kwenye vitambaa. Mangi akaikunja suruali yake taratibu.

"Sasa tuko sawa," akasema.